Nukta Isiyo na Mgeni Rasmi

Ilikuwapo nchi moja, na asiyeamini kwamba ilikuwapo asiende mbali kuitafuta. Nchi hiyo ilikuwa na mito, ng'ombe, watu wa kuchapa kazi, na Wizara ya Mistari.

Wizara ya Mistari ilikuwa na ghorofa sita, na kazi yake ilikuwa kuchora mistari. Si ile mistari ya barabarani. Hiyo ilifutika zamani na hakuna aliyeirudia. Ni ile ya kwenye kompyuta, inayopanda na kushuka kama joto la mwenye homa, wenyewe wakaiita grafu. Ilikuwapo grafu ya mahindi. Ilikuwapo grafu ya furaha ya wananchi, ambayo haikuwahi kushuka tangu izaliwe. Na ilikuwapo grafu ya Bwawa la Kitope, ambayo ndiyo iliyoleta maneno yote haya.

Grafu ya bwawa ilitunzwa na mwanamke mmoja jina lake Sikudhani, karani wa ghorofa ya pili, mtu wa maneno machache na viatu vilivyoshonwa mara mbili. Kila mwezi alipigiwa simu na Mzee Ngalapi, mlinzi wa lango la bwawa, akaambiwa maji yamefika mita ngapi. Naye aliiandika namba hiyo katika lile daftari la kompyuta lenye vijumba vingi kama sega la nyuki. Kazi ikawa imekwisha.

Ikawa imekwisha kwake yeye. Kwa wizara ilikuwa ndiyo kwanza inaanza.

Maana grafu ile ilikuwa imeambiwa itazame vijumba fulani tu, kuanzia hiki mpaka kile, basi. Ukiandika namba mpya chini yake, grafu haina habari nayo, imetulia kama punda aliyefungwa vibao vya macho. Ili iione, lazima mtu ashike kipanya, akamate pembe ya ule mpaka na kuuvuta chini kijumba kimoja. Hapo ndipo nukta mpya hutokea na mstari ukarefuka. Ni kazi ya kupenga kamasi: ukianza umemaliza.

Lakini katika nchi ile jambo dogo halikuruhusiwa kubaki dogo. Iliamuliwa kwamba nukta ni mali ya taifa, na mali ya taifa haitokezi hivihivi kama chunusi. Kila nukta lazima izinduliwe. Na uzinduzi hauwi uzinduzi bila mgeni rasmi, hema, bendi, ng'ombe wawili na kanga zilizochapwa picha ya nukta. Ikaundwa Kamati ya Nukta, watu kumi na mmoja, wa kumtafuta mgeni rasmi. Ikaundwa na kamati ya pili ya kuitafuta ile ya kwanza, kwa kuwa ilikuwa haionekani ofisini.

Nukta ya mwezi wa tatu aliizindua Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Lumato. Kipanya kililetwa juu ya mto wa hariri. Mheshimiwa akakishika kama mtu anayeshika panya wa kweli, akavuta, akaifuta grafu nzima. Wageni wakapiga makofi. Nyuma ya pazia alikuwa amekaa Sikudhani na kipanya cha pili, kama alivyokaa katika kila uzinduzi. Akairudisha grafu, akavuta kijumba kimoja, nukta ikatokea. Wageni wakapiga makofi tena, kwa nguvu ileile.

"Ndugu wananchi," Mheshimiwa akasema, akijifuta jasho, "nchi zilizoendelea zina nukta. Na sisi leo tunayo. Wapo wanaobeza wakisema nukta hii ni ndogo. Mimi nawauliza, wao kwao wana ngapi? Nukta hii haikuja yenyewe. Imeletwa. Na aliyeileta mnamwona."

Baada ya hapo wageni rasmi waliadimika. Huyu alikuwa ng'ambo, yule alikuwa anatibiwa meno, mwingine alikataa kuzindua nukta ya mwezi wa nne kwa sababu hasimu wake ndiye aliyezindua ya mwezi wa pili. Ukapita mwezi wa tano, wa saba, wa tisa. Sikudhani aliandika namba zake, grafu ikabaki imesimama mwezi wa tatu, inasema maji ya bwawa ni ya wastani.

Hilo lisingemdhuru mtu, kama isingekuwapo Sheria ya Lango. Sheria ilisema hivi: lango la bwawa lisifunguliwe kwa mkono wa yeyote mpaka mstari wa grafu uguse mstari mwekundu, na ukiugusa lisikose kufunguliwa. Na chini ya bwawa, bondeni, palikuwa na kijiji kiitwacho Mtelezi, nyumba mia mbili na ushei. Katika nyumba ya tatu kutoka mtoni alikaa Bi Zawena, mama yake Sikudhani, ambaye mguu wake wa kushoto ulikuwa umeacha kazi miaka mingi. Mtu wa kumbeba alihitaji kuanza mapema.

Mwezi wa kumi na moja mvua zilinyesha kama zinalipiza kisasi. Mzee Ngalapi hakungoja siku yake ya kupiga simu.

"Mwanangu, uko kazini?"

"Shikamoo baba. Nipo."

"Marahaba. Maji yamefika mita ishirini na tatu."

"Mstari mwekundu uko ishirini na nne."

"Mwekundu wako huo ni wa kuchora. Huku ukuta wenyewe ni ishirini na tano. Vyura wamepanda juu yake, wanatazama upande wa pili."

"Na hiyo skrini ya grafu uliyowekewa langoni inasemaje?"

"Inasema wastani. Nimeifuta kwa shati, nikidhani ni vumbi."

"Ukifungua tu, baba, bila grafu?"

"Aliyekuwa hapa kabla yangu alifungua kwa kuyatazama maji kwa macho. Yuko gerezani mwaka wa tano. Kosa waliloandika ni kutumia macho bila kibali."

"Mtelezi wanajua?"

"Nimeshuka jana nikawaambia. Mtendaji wa kijiji kawaonyesha grafu iliyoko ukutani kwake, kasema atakayehama anazua taharuki. Mama yako nimemkuta anachambua mchele. Kaniuliza mbona nimekonda. Hajui kilichokaa juu ya kichwa chake."

Sikudhani alipanda ghorofa ya sita kwa miguu, kwa kuwa lifti nayo ilikuwa inangoja kuzinduliwa. Akamkuta Bwana Kilatu, Mkurugenzi wa Nukta, anakula karanga moja moja kama anayezihesabia makosa.

"Mkurugenzi, bwawa linajaa. Naomba ruhusa nivute grafu ifike mwezi huu."

"Nukta ya mwisho kuzinduliwa ni ya mwezi wa tatu," akasema Bwana Kilatu. "Sasa wewe unataka ya mwezi wa kumi na moja. Katikati hapo kuna nukta ngapi?"

"Saba."

"Saba zimepanga foleni kwa adabu zao. Wewe yako ina nini cha ziada?"

"Ina watu wa Mtelezi chini yake."

"Kila nukta ina watu chini yake, mama. Tukianza kuangalia watu hatutachora kitu." Akatafuna karanga. "Mgeni rasmi wa nukta ya mwezi wa nne amesafiri, yuko kwenye mkutano wa ukame. Akirudi tutampangia tarehe."

"Maji hayatamngoja."

"Basi hayana nidhamu, na hilo si kosa la wizara."

Hata hivyo, kwa kuwa alikuwa mtu wa huruma, aliitisha kikao cha dharura cha Kamati ya Nukta. Kikao kilikaa siku mbili. Siku ya kwanza walijadili kama dharura ni ya wizara ile au ya wizara nyingine. Siku ya pili mjumbe mmoja mwenye shahada tatu alitoa wazo lililowaamsha wenzake: mstari mwekundu upandishwe kutoka mita ishirini na nne mpaka mita arobaini, hapo bwawa halitaweza kujaa tena milele. Walimpa mkono. Wazo lilikwama mahali pamoja tu. Mstari mwekundu ni mkubwa kuliko nukta, kwa hiyo kuupandisha kulihitaji mgeni rasmi wa ngazi ya rais, na hema la nguzo nane.

Asubuhi ya siku ya tatu Mzee Ngalapi alipiga simu tena. Safari hii hakusalimia.

"Ishirini na nne na nusu. Ukuta unatoa jasho upande wa kwetu."

Sikudhani akaweka simu mezani. Alilijua jambo moja ambalo wizara nzima haikulijua, na alikuwa amelijua kwa miaka sita bila kumwambia mtu, maana hakuna aliyemuuliza. Vile vijumba vya namba vinaweza kufungwa pamoja vikawa jedwali moja. Vikiwa jedwali, ukiandika namba mpya chini, jedwali linajirefusha lenyewe na kuipokea, kama familia inavyosogea jamvini mgeni akibisha hodi. Na grafu inayotazama jedwali haihitaji kuvutwa na mtu. Inafuata yenyewe. Hakuna pembe ya kushika, hakuna mto wa hariri.

Alivichagua vijumba vyote, vya zamani na vile saba vilivyosahauliwa. Akavifanya jedwali. Akaielekeza grafu kwenye jedwali hilo, akaandika mita ishirini na nne na nusu. Ilimchukua muda wa kunywa nusu kikombe cha chai, na chai yenyewe ilikuwa bado ya moto.

Chini ukumbini, kwenye runinga kubwa ya wizara, mstari uliokuwa umelala tangu mwezi wa tatu ukaamka. Ukapita wa nne, wa tano, wa sita, ukapanda kama mbuzi aliyeona mwanya uani, ukaugusa mstari mwekundu na kuuvuka. Mlinzi wa mlangoni alisimama akapiga saluti, kwa kuwa alizoea kwamba nukta ikitokea yupo mkubwa karibu. Alitazama kushoto na kulia hakumwona. Akabaki na mkono kichwani mpaka zamu yake ilipokwisha.

Kule bwawani, Mzee Ngalapi aliona skrini imegeuka. Akasema bismillahi, akalizungusha gurudumu la lango taratibu, robo kwa robo, kama mtu anayemkamua ng'ombe mkali. Maji yakashuka mtoni kwa siku nne. Yalikula bustani mbili za mchicha na banda la kuku la Bi Zawena, kuku wenyewe wakiwa wamepanda juu ya paa mapema kwa akili zao. Binadamu hakupotea hata mmoja. Maji yalipofika mita kumi na nne Mzee Ngalapi akafunga lango, akalala usingizi wa haki yake.

Wizarani hakulala mtu. Nukta nane zilikuwa zimeonekana hadharani bila mgeni rasmi. Bwana Kilatu aliposikia alikaa chini sakafuni. Wanawake wa bendi walilia, kwa kuwa walikuwa wameshashona sare. Ikaundwa Tume ya Kuchunguza Nukta Zilizojizaa, na Sikudhani akaitwa mbele yake.

"Wewe ndiye uliyezitoa?" akauliza Waziri Lumato, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti, mlalamikaji na shahidi wa kwanza.

"Hazikutolewa, Mheshimiwa. Zilikuwapo. Mimi nimeziacha zionekane."

"Sikiliza, mama. Mimi nimesoma mpaka nikachoka. Nukta haiwezi kuonekana kabla ya kuonyeshwa. Sasa hii mashine yako ya kujiendea, kesho namba ikija mbaya nani ataizuia mlangoni?"

"Hakuna."

"Umesikia mwenyewe ulivyosema? Hakuna." Akawageukia wajumbe. "Hii ndiyo wanayoiita maendeleo. Namba inaingia nchini kama haina mwenyewe."

"Ingezuiwa mlangoni, Mheshimiwa, leo Mtelezi pangekuwa ziwa."

"Hayo ni ya Mtelezi. Hapa tunazungumza mambo ya nchi."

Tume ilitoa uamuzi wa kurasa mia tatu, na sita zilikuwa na maandishi. Jedwali livunjwe. Grafu ifungwe tena vibao vyake vya macho mwezi wa tatu. Namba zenyewe zibaki, kwa kuwa namba hazionekani na wageni. Na kwa kuwa lango lilifunguliwa kwa amri ya nukta zisizozinduliwa, kufunguliwa kule kukatangazwa kuwa hakukutokea, na yeyote atakayesema ameliona lango wazi akamatwe kwa kosa la macho. Mzee Ngalapi alisamehewa, kwa maana mtu hawezi kuadhibiwa kwa jambo ambalo halikutokea. Sikudhani alifukuzwa kazi, kwa maana anaweza.

Alirudi Mtelezi na sanduku moja na vile viatu vyake. Bi Zawena alimtazama toka juu mpaka chini.

"Wamekufukuza?"

"Wamenifukuza, mama."

"Kwa nini?"

"Nilifanya grafu ijiendee yenyewe."

"Alaa. Kwani wao wanajiendea kwa nini?" Akamsogezea ungo. "Kaa uchambue mchele."

Miezi ikaenda. Wageni rasmi wakaanza kupatikana, na nukta zikazinduliwa moja moja kila mwezi, kwa foleni. Mwezi wa tatu wakazindua ya mwezi wa saba uliopita. Mwezi wa nne, ya mwezi wa nane. Mvua za masika hazikunyesha mwaka ule, jua likakaa juu ya nchi kama mkwe aliyekataa kuondoka. Bwawa lilishuka mpaka mita tano. Hayo ndiyo yaliyobaki, na Mtelezi nzima ilikuwa inakunywa hayo, watu, mbuzi na mchicha.

Mwezi wa saba wizara ikazindua nukta ya mwezi wa kumi na moja. Mheshimiwa Lumato alivuta kipanya mwenyewe. Nyuma ya pazia alikaa karani mpya. Mstari ukapanda, ukaugusa mstari mwekundu mbele ya kamera zote, na wageni wakasimama kwa heshima.

"Ndugu wananchi," Mheshimiwa akasema, "bwawa limejaa. Serikali yenu haitawaacha mfe maji. Naagiza lango lifunguliwe mara moja."

Siku ileile Mtelezi ikapokea lori la makoti ya kuelea majini. Watu waliyapokea, wakayavaa, wakaenda nayo kwenye foleni ya maji, kwa kuwa asubuhi za mwezi wa saba zina baridi.

Mzee Ngalapi alishuka mbio mpaka kwa Bi Zawena, barua ya amri mkononi. Akawakuta mama na binti wanakula viazi.

"Wamesema mara moja," akasema. "Nikifungua, maji yote yanakwenda. Nisipofungua, naenda alikokwenda mwenzangu."

"Lete niione," akasema Sikudhani. Akaisoma mara mbili, taratibu, kama alivyokuwa akisoma namba. "Baba, lango limewahi kufunguliwa kisheria tangu sheria ianze?"

"Si mwaka jana, wewe mwenyewe..."

"Hilo halikutokea. Tume ilisema."

Mzee Ngalapi akafikiri. "Basi halijawahi."

"Kwa hiyo hii ndiyo mara ya kwanza ya lango kufunguliwa kwa mujibu wa sheria, katika historia ya nchi. Na wewe mlinzi, mtu wa kulipwa kwa siku, ndiye uliwekee mkono wako?"

Bi Zawena alicheka mpaka kiazi kikamtoka. "Uchuro huo," akasema.

Wakaandika barua usiku haujaingia. Barua ilisema kwa unyenyekevu mkubwa kwamba mlinzi hajioni kuwa anastahili, na anaomba wizara ilitafutie tukio hilo mgeni rasmi wa hadhi yake.

Wizarani barua ile ilisomwa kwa sauti, na Bwana Kilatu akashikwa na machozi. Akasema ndiyo mara ya kwanza kuona mwananchi wa chini anayejua taratibu. Amri ya kufungua ikasimamishwa. Uzinduzi wa Lango ukaanza kupangwa, hema la nguzo nane, wageni mia nne, na tarehe ikapatikana katika kalenda ya mgeni rasmi mkubwa kuliko wote: wiki ya tatu ya mwezi wa kumi na moja. Mpaka siku hiyo, barua ikasema, lango lisiguswe na mtu, hata kwa kulipaka mafuta.

Watu wa Mtelezi wakayanywa maji yao mwezi wa nane, wa tisa na wa kumi. Lakini Sikudhani alijua kuhesabu, na Mzee Ngalapi alijua mawingu.

"Mvua zikija kabla yao, na lango halishikwi?" akauliza Mzee Ngalapi.

"Ndiyo maana tunahama," akasema Sikudhani.

Safari hii mtendaji wa kijiji hakuwaonyesha grafu. Alikuwa wa kwanza kung'oa mabati yake. Walihamisha Mtelezi mpaka mgongoni mwa kilima, nyumba baada ya nyumba, milango na fremu zake, na Bi Zawena alipanda juu ya kitanda chake akibebwa na wajukuu wanne wa ndugu zake, akiwaelekeza pa kukanyaga. Walipomaliza, mvua ya kwanza ilikuwa imeshapiga. Maji yalipofika mita kumi na tisa ikaja barua ya wizara: kijiji kitoe uwanja wa kuweka hema, uwe tambarare, uwe bondeni, mbele ya lango kabisa, pasiwe na kitu cha kuzizibia kamera.

Sikudhani aliijibu. Akaeleza kwamba uwanja huo ni njia ya maji, na bwawa linajaa kila siku. Akaandika mara ya pili, akaongeza namba. Mara ya tatu Mzee Ngalapi aliweka dole gumba chini yake. Barua zote tatu zilijibiwa kwa jibu moja, lenye mhuri: kwa mujibu wa nukta iliyozinduliwa karibuni, maji ya Bwawa la Kitope ni ya wastani.

Basi watu wa Mtelezi wakashuka bondeni na mafagio, wakaufagia uwanja vizuri, wakaokota hata vijiti, kisha wakapanda kilimani makwao.